Safu ya Tatu

Daftari langu la maabara lilikuwa na safu tatu. Ya kwanza ya panya wenye nakala mbili nzima za jeni, ya pili ya wale wenye nakala moja nzima na moja mbovu. Ya tatu, ya wenye nakala zote mbili mbovu, ilikuwa tupu, na kwa wiki tatu nikawa naifunika kwa kiganja kila msimamizi wangu alipopita karibu na meza.

Hapo ni Denmark, mwaka 2014, nikianza shahada ya uzamili. Kule profesa huitwa kwa jina lake tu, kama vile mnacheza naye bao. Mimi ulimi ulikataa, nikabaki na "Profesa" mpaka naondoka. Alinikabidhi vizimba vya panya weusi na sharti moja: nisisome chochote juu ya jeni ile. Nizalishe, nihesabu, nimletee.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Baba na mama wote wana nakala moja mbovu. Watoto wakifikisha siku 21 unawatenga na mama yao, unachukua kipande kidogo cha sikio, unatoa DNA, unaipitisha kwenye PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi (ndiyo hiyohiyo ya vipimo vya Uviko), kisha unasoma mistari kwenye jeli. Hesabu yake ni ile ya Mendel tuliyoisoma kidato cha nne: katika kila watoto wanne, mmoja mzima, wawili nusu kwa nusu, mmoja mbovu kabisa.

Nilipima watoto 47. Kumi na sita wazima, 31 wa nusu kwa nusu. Wa tatu hakuna.

Nikajua nimeharibu. Nilitoa DNA upya, nikabadilisha kemikali, nikaazima mashine ya maabara ya jirani na kuirudia kazi usiku watu wakiwa wamelala. Majibu yakawa yaleyale. Nilikuwa Mwafrika peke yangu kwenye korido ile, na nilishajiaminisha kwamba nikikosea mimi, tutakuwa tumekosea wengi.

Siku Profesa alipoliona daftari hakukasirika. Aliuliza, "Mstari wa nakala mbovu unauona kwa hawa 31?" Nikasema ndiyo, bila shida. "Basi PCR yako haina upofu. Kwa nini safu hii hujaandika kitu?" Nikamjibu kwamba sijapata. "Andika sifuri," akasema, akaondoka kwenda kuchukua kahawa.

Nilipiga hesabu jioni ile. Kuwakosa wote kwa bahati tu, katika watoto 47, hutokea kama mara moja katika laki saba na ushee. Hawakupotea kwenye jeli yangu. Hawakuzaliwa.

Ndipo aliponiruhusu kusoma. Jeni ile, Hspd1, iko kwenye kromosomu ya 1 ya panya, na protini yake huitwa Hsp60. Jina la ukoo wake, protini za mshtuko wa joto, linapotosha kidogo. Lilitokana na tukio la Italia, ambako mwanasayansi Ritossa aliona kromosomu za nzi wa matunda zikivimba baada ya joto la kabati lao kupandishwa, akalichapisha mwaka 1962. Lakini Hsp60 haisubiri joto. Mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, hujitengenezea protini 13 tu. Nyingine, zaidi ya elfu moja, hutengenezwa nje na kupenyezwa ndani zikiwa zimenyooka kama uzi. Uzi haufanyi kazi mpaka ukunjwe umbo lake, na Hsp60 ndiyo inayousaidia kukunjika.

Nilimweleza shangazi yangu wa Tanga kwa simu. Yeye ni kungwi, amewacheza wali wengi kuliko panya niliowapima. Baada ya shikamoo na marahaba alicheka sana kusikia nimepanda ndege kwenda kuhesabu panya. Nikamwambia: shangazi, ndani ya mwili kuna protini ambayo ni kungwi. Vipande saba hukaa duara kama chumba, protini nyingine, Hsp10, inakuwa kifuniko, mwali anafungiwa ndani, nishati inatumika, anatoka amekamilika. Akanyamaza kidogo. "Na asipokuwepo kungwi?" Nikasema mwali anabaki uzi, anajisokota na wenzake ovyo, na nyumba nzima inakosa moto.

Wiki iliyofuata tulimpasua mama mmoja mwenye mimba ya siku saba na nusu. Mimba ya panya ni siku 19 au 20 hivi, kwa hiyo hapo ni mapema mno. Tumbo la uzazi lilikuwa kama shanga, vifundo tisa kwa mstari. Chini ya hadubini saba vilikuwa na kiinitete. Viwili havikuwa na kitu ila damu iliyoganda. Kundi moja la watafiti wa Denmark lilikuwa limeshachapisha jambo hilo mwaka 2010: wenye nakala zote mbovu hufa baina ya siku ya 6.5 na 7.5, mara tu baada ya kujipandikiza kwenye tumbo la uzazi. Kumbe sikugundua kitu. Nilikuwa nafundishwa kuhesabu, na nikiri kwamba nilinuna siku mbili.

Wale 31 walibaki vizimbani, wanono, wepesi wa kupanda vyuma. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wa aina yao, wakizeeka, neva zinazoendesha misuli hudhoofika na mwendo huharibika. Kuna na watu: familia moja ya Ufaransa, iliyoelezwa mwaka 2002, ambayo badiliko dogo la jeni hiyohiyo liliwakakamaza miguu. Nilikuwa nawatazama wale panya kila asubuhi nikiwapa maji, nikitafuta mguu unaoburuta. Sikuuona. Viza yangu iliisha kabla hawajazeeka.