Moyo wa Bibi kwenye kioo cha simu

Jana nilivuka kwa boti hadi Faza, mfukoni nina kipimo cha altrasaundi kinachoenea kiganjani. Bibi mmoja alikuwa amevimba miguu, usiku halali ila ameegemea mito. Kwingine aliambiwa ni pumu, mara mbili! Iliniuma.

Nikampaka jeli chini ya titi la kushoto, nikachomeka waya kwenye simu. Maji kuuzunguka moyo hayakuwepo, lakini ukuta wa chumba cha kushoto ulisogea kidogo mno, kama tanga lililokosa upepo.

“Mwanangu, unapiga?”

“Unapiga, Bibi, ila umechoka.”

Vali, yaani milango ya moyo, zataka kuangaliwa kwa mashine kubwa ya eko, altrasaundi ya moyo. Nikampa dawa ya kupunguza maji mwilini, alasiri tukavuka naye hadi Lamu.