Siku moja dukani Kariakoo, ubongo ukiwa bado unapona

Saa 11:30 alfajiri
Sinyanyuki ghafla. Nakaa ukingoni mwa kitanda mpaka kizunguzungu kitulie, ndipo najiuliza swali nililofundishwa na daktari: kuanzia sifuri hadi kumi, kichwa kinauma kiasi gani? Leo ni mbili. Naandika kwenye daftari, kwa sababu namba hiyo ndiyo nitakayoifuata mchana kutwa.

Kwa msiojua kisa: jora la kitenge lilidondoka kutoka rafu ya juu stoo likanipiga kisogoni. Sikuzimia. Nilimalizia hata kuhesabu mzigo, na jioni ndipo nikaanza kutapika. CT-Scan ilitoka safi, wengi wakaona yamekwisha. Lakini kipimo kile kinatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hakiuoni. Kilichovurugika ni utendaji wa seli zenyewe, ambazo zinataka nguvu nyingi kujirekebisha wakati ambapo damu inayozifikia imepungua. Ndiyo maana kujumlisha risiti chache kunaweza kunichosha kama niliyebeba gunia.

Saa 1:00 asubuhi
Chai na viazi vitamu, chupa ya maji mkobani. Njaa na kiu vinanipandishia kichwa haraka kuliko kazi.

Saa 2:15
Daladala ya Kariakoo kutoka Tandika. Nilipewa ED, yaani ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini, ilipokwisha nikarudi na barua ya kazi nyepesi, na bosi akakubali niingie saa tatu, foleni ya asubuhi ikiwa imepungua. Bodaboda nimeacha. Kichwa kikipigwa tena kabla hakijapona, madhara yanaweza kuwa makubwa kuliko ya mara ya kwanza.

Navaa kofia pana, pamba masikioni, nakaa dirishani. Muziki unapiga mpaka viti vinatikisika. "Kaka, naomba upunguze kidogo, kichwa kinaniuma." Konda anaitikia, "Poa dada," anapunguza. Wengi wanakubali ukiwaomba kistaarabu.

Saa 3:00
Hesabu zote nazifanya sasa, akili ikiwa bado nyepesi. Meza yangu imehamishiwa nyuma, mbali na ile taa ya mrija iliyokuwa ikipepesa. Kila oda naiandika, naisoma kwa sauti, halafu kijana wa stoo anairudia kabla hajashusha mzigo. Ngazi sipandi tena. Kupanda ni kazi yake.

Anaingia mama mfanyabiashara wa Lubumbashi, mteja wetu wa siku nyingi. Anachagua rangi huku anazungumza na simu, mwenzake anauliza bei za khanga upande wa pili. Zamani nilikuwa nawahudumia watatu kwa mpigo. Leo namwambia, "Mama, tumalize vitenge kwanza, doti za khanga zinafuata." Anasubiri, na oda inatoka sawa.

Saa 4:00
Simu inatetema: mapumziko. Kichwa bado ni mbili, najisikia naweza kuendelea, na ndiyo hasa saa ya kusimama. Hili ndilo ningependa kila anayeuguza kichwa alishike: pumzika kwa saa ya ukutani, usingoje maumivu. Ukingoja yafike, dakika kumi hazitoshi tena. Inakwenda alasiri yote. Nakaa stoo katikati ya majora, macho nimefumba, simu nimeiacha mezani.

Saa 6:30 mchana
Wali maharage kwa mama ntilie, kwenye benchi la mwisho lenye kivuli. Kisha natembea taratibu kuzunguka mtaa. Nilipoumia, ndugu walinifungia pazia wakasema nilale gizani mpaka nipone. Walifanya kwa mapenzi. Lakini wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni, waliokutana Amsterdam mwaka 2022, walishauri kupunguza shughuli na muda wa kutazama skrini kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo tu, kisha kuanza kutembea na kazi nyepesi. Maumivu yakiongezeka kidogo, si zaidi ya namba mbili kwenye ile kumi, na yakashuka ndani ya saa moja, hiyo si hatari. Kujua hivyo kumeniondolea hofu kubwa.

Saa 8:00
Nne. Joto, honi, wapagazi wanapiga kelele wapishwe. Maneno yananipotea, na hasira inakuja karibu. Mteja ananiambia, "Mbona mzima tu, dada?" Inauma, maana bandeji sina, kovu sina, wala magongo. Mwenzangu anaijua sura yangu ya saa hii. Anachukua mashine ya risiti bila kuulizwa, nami nabaki kukunja doti. Mungu ambariki.

Saa 9:00 alasiri
Natoka. Kabla ya hapo bosi ananionyesha fomu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi zilizobaki kusainiwa. Kama umeumia kazini, hakikisha mwajiri ametoa taarifa mapema na wewe utunze kila karatasi ya hospitali.

Saa 11:00 jioni
Nalala kidogo, nisiharibu usingizi wa usiku. Panado sijameza. Daktari alinionya kuwa dawa za maumivu zikitumika siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi, zenyewe zinaweza kuleta maumivu ya kichwa.

Mama amebandika kabatini karatasi ya dalili za kukimbilia hospitali: kichwa kinachozidi kuuma bila kukoma, kutapika mara kwa mara, degedege, ulegevu wa upande mmoja, maneno kukwama, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, usingizi ambao mtu haamshiki. Ananitazama akikuna nazi. "Mwanangu, leo vipi?" Namwambia tatu. Anapunguza redio.

Saa 3:00 usiku
Napitia daftari. Wiki hii kichwa hakijavuka nne, na kila kikipanda kimeshuka upesi, kwa hiyo daktari amesema Jumatatu niongeze saa moja dukani, nitoke saa kumi. Nimeshamwandikia bosi. Kikipanda kisishuke, Jumanne narudi kutoka saa tisa.