Kizibuo cha Mjomba

Mjomba alinipa kisu chake nimtengenezee mpini. Mpini tu, hakusema kingine. Nakumbuka vizuri kwa sababu baadaye nilijitetea sana, na kila nikijitetea najikuta nimerudi palepale: mpini tu.

Kilikuwa kisu cha kukunja cha Uswisi, Victorinox, kile chekundu chenye msalaba, alichokinunua Hamburg enzi zake za meli. Wanaovijua wanakiita Spartan: kina kisu kikubwa na kidogo, cha kufungulia makopo, cha kufungulia chupa, msumari wa kutobolea ngozi, na kizibuo, kile chuma kilichosokotwa cha kuzibulia chupa za mvinyo. Plastiki ya upande mmoja ilikuwa imepasuka, naye ameizungushia utepe wa mafundi umeme. Mwaka huo, 2014, nilikuwa na duka la steshenari Ngamiani, Tanga. Mteja mmoja asubuhi, wawili jioni, na hapo katikati saa nyingi za kusoma habari za watu wa Ulaya na Marekani wanaofungua visu hivi na kuviunda upya. Wanang'oa kifaa cha kisu hiki wanakitia kile, wanavua plastiki wanavika alumini ya rangi. Nilishaharibika akili.

Nikaamua mpini uwe wa alumini. Na maadam nakifungua, kizibuo nacho kitoke. Nyumba yetu ni ya swala tano, kitu cha kuzibulia mvinyo kinatafuta nini humo? Hata kisu cha kwanza walichopewa askari wa Uswisi, mwaka 1891, hakikuwa nacho. Kilikuwa na bisibisi ya kufungulia bunduki. Kizibuo kilikuja 1897, Karl Elsener, mwanzilishi wa Victorinox, alipotoa kisu cha maafisa. Maafisa na mambo yao. Mimi nilitaka bisibisi ya nyota mahali pake, na nilishaiona kwenye Tinker, aina nyingine ya visu hivi, iliyovunjika kisu, imelala katika rundo la vyuma chakavu kando ya barabara. Tinker na Spartan ni mtu na mdogo wake. Kinachowatofautisha ni kifaa hicho kimoja. Mjomba sikumwuliza. Nilitaka kumshtukiza.

Kisu hiki hakina skrubu hata moja. Kimeshikwa na pini za shaba ya njano zilizogongwa vichwa pande zote mbili, na ukishakisaga kichwa kwa tupa hakuna kurudi nyuma. Nilisaga usiku, nikasukuma pini kwa msumari mwembamba, springi ikaruka ikapotelea chini ya mashine ya fotokopi. Niliitafuta kwa tochi ya simu hadi saa sita.

Mpini wa kwanza niliukata kwenye kipande cha sufuria kuukuu ya kusubu. Kosa langu. Kupaka rangi alumini namna hii si kupaka kwa brashi. Unaitumbukiza kwenye tindikali, unapitisha umeme, juu yake linaota gamba gumu lenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na rangi inaingia humo. Nilinunua maji makali ya betri, nikayachanganya nusu kwa nusu na maji safi (maji kwanza, tindikali juu yake, ukigeuza inakurukia usoni), nikaazima chaja ya betri ya gari ya volti 12. Chanya kwenye mpini, hasi kwenye bamba la risasi nililolitoa kwenye betri mbovu. Baada ya saa nzima ya mapovu uani nilitoa kitu cha rangi ya jivu, kina mabaka kama ukuta ulionyeshewa. Fundi wa madirisha wa jirani alikitazama akacheka. "Hiyo ya sufuria imechanganywa kila takataka, kaka. Chukua hii." Akanipa kipande cha bapa cha milimita tatu, kimebaki kwenye fremu ya mteja.

Bapa lile lilikuwa na gamba lake la kiwandani, nikalivua kwa kostiki ya watengeneza sabuni, nikalipiga msasa, nikarudia yote. Safari hii lilitoka limefifia kidogo tu. Nikaligusa kwa mita ya umeme, mshale haukutikisika. Gamba halipitishi umeme. Hapo ndipo nilipojua limeota kweli.

Rangi nilianza na ile ya ukili, wanayochemshia akina mama wa mikeka. Ilishika vizuri, nikasuuza, ikaondoka karibu yote, ikabaki bluu ya kanga iliyofuliwa miaka kumi. Nikakaa dukani nimenuna, na mbele yangu, rafuni, zimepangwa chupa za wino wa kujazia printa. Nilijicheka peke yangu. Dakika kumi na tano ndani ya wino wa uvuguvugu, kisha nusu saa kwenye maji yanayochemka ili vitundu vijifunge. Sufuria ilikuwa ya mama, na maneno aliyonipa siyaandiki hapa. Lakini bluu ile! Bahari ya Raskazone saa sita mchana.

Kuunganisha kulichukua siku mbili. Unaweka kikaratasi kati ya vyuma ili usikaze mno, unagonga pini kidogo kidogo kwa nyundo ndogo, unajaribu kama kisu kinafunguka, unagonga tena. Karibu na mwisho nyundo iliteleza ikaacha kovu jeupe upande wa kushoto. Nililiacha.

Mjomba alikuja Ijumaa baada ya swala. Akakipokea, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya lile kovu. "Mpini mzuri, mwanangu." Akaanza kufungua kimoja kimoja kwa ukucha. Alipofika mgongoni akasimama.

"Na cha kufungulia mafundo kiko wapi?"

Sikuelewa. Nikamwonyesha bisibisi.

"Mimi miaka yangu yote baharini sijazibua chupa hata moja. Kamba ikilowa na kukazana, vidole havifui dafu. Unakizungushia kile katikati ya fundo, unavuta, linalegea."

Nilikitoa kizibuo kwenye kopo la pini na vibanio. Hakunigombeza. Akakipitisha kwenye pete ya funguo zake kwa lile tundu lake la pini, akavitia mfukoni. Kisha akaokota kamba ya katani iliyofungia mzigo wa karatasi, akapiga fundo, akalichovya kwenye kikombe changu cha maji, akalikaza kwa meno na kunikabidhi.

"Haya, lifungue kwa bisibisi yako."

Nilihangaika nalo mpaka adhana ya alasiri.