Tulivyolifunga daftari la bia pale kijiweni

Nianze na mimi mwenyewe kabla sijasema wengine. Naendesha boda huku Moshi vijijini, upande wa mlimani, na nilikua napiga bia tatu kila siku, siku ya gulio nne au tano, na wala sio kwamba hela ninayo, maana hesabu ya bosi tu ilikua inanitoa jasho. Jibu ni daftari. Mama wa grosari ana kaunta buku moja kubwa limefungwa na mpira, kila mtu wa kijiweni ana ukurasa wake, unakunywa Jumatatu unalipa Jumapili, ikifika Jumapili unalipa nusu halafu unaagiza mbili za kujipongeza kwamba umelipa 😂

Mwenzetu mmoja akaanguka usiku na abiria, abiria akavunjika mguu, hapo ndo tukashtuka.

Tulianza vibaya. Mkutano wa kitongoji uliitishwa, mchungaji akaongea wee, wakatokea na watu wanataka grosari zote zifungwe. Mzee mmoja akasimama akauliza, viroba, ile pombe kali ya vipakiti, si vilipigwa marufuku 2017, mbona walevi bado mnao? Hakuna aliyemjibu, maana kweli wanywaji wa viroba walihamia kwenye vichupa. Wazee wengine wakawaka mbege isiguswe kabisa, mbege ni ndizi na ulezi, bila mbege mtu utapeleka nini ukweni? Mkutano ukaisha hivyo hivyo na nusu ya watu wakapitia grosari kuujadili.

Aliyetupa akili ni mama wa grosari mwenyewe. Nilienda kumlipa akaniambia, "Mangi, mkinifungia mtanisomeshea watoto? Na mimi haya madeni yananiua. Kaongeeni na wale wenzangu wawili wasikopeshe, na mimi nitaacha." Yaani ilikua rahisi hivyo, ila lazima wote watatu kwa pamoja, mmoja akikopesha wateja wote wanahamia kwake. Ilituchukua kama wiki mbili kuwabembeleza, mmoja tukakubaliana awe anapika mtori asubuhi na sisi kijiwe kizima tule kwake, ndo akalegea.

Upande wetu tukaanzisha kibubu. Saa kumi na moja jioni, kabla kiu haijaanza, kila mtu anatoa elfu tatu kwa mweka hazina. Tulimchagua kwa sababu hanywi, ni Msabato, kwa hiyo Jumamosi hashiki hela na hiyo ndo siku tuliyokua tunateleza sana, mpaka tukaamua mchango wa Jumamosi utolewe Ijumaa mchana. Hakuna aliyekatazwa kunywa. Unakunywa ukiwa na cash mfukoni, basi, na ukishatoa ya bosi na ya kibubu inabaki ya bia moja kama siku ilikua nzuri.

Kosa letu kubwa lilikua kwa jamaa mmoja aliyekua anaanza na kuzimua asubuhi. Tukamsifia sana kwamba kaacha ghafla, siku ya tatu anatetemeka, jasho, anaona vitu ambavyo havipo, akadondoka kifafa. Kuna waliosema karogwa. Hospitali daktari akatuambia mwili uliozoea pombe nyingi ukikatiwa ghafla unaweza hata kufa, mtu kama yule anatakiwa aachie chini ya daktari. Sasa hivi wa namna hiyo tunampeleka kwanza hospitali, mambo ya kibubu baadae.

Halafu ikaja Desemba. Anayejua Uchagani anaelewa, watu wamerudi nyumbani na magari na hela, kila boma ni ofa, daftari halina kazi tena. Wenzetu watatu walirudi kulekule na wawili mpaka leo hatujawapata. Mimi kwa baba mkubwa nilipewa mbege nikanywa kata mbili, siwezi kumkatalia, pikipiki nikaiacha pale chini ya migomba nikarudi kwa mguu. Asubuhi nilivyoifuata nikakuta kuku kashalala juu ya siti.