Choki iliyomchoma mpwa wangu

Land Rover yangu ni Series III ya petroli, niliyoachiwa na mjomba aliyekuwa akisombea zabibu kutoka Hombolo. Juni iliyopita ikaanza visa: napiga stata, inagonga "tk", kimya. Siku ikiwa na huruma inazungusha kivivu. Bahati nzuri gari hili unaweza kulizungusha injini kwa mkono kutoka mbele, basi kila asubuhi majirani zangu wa Nkuhungu walipata burudani ya bure.

Fundi wa kwanza akasema betri. Nikanunua mpya, siku tatu safi, kisha yale yale. Wa pili akaifungua stata, akabadilisha kaboni, akalipwa. Hakuna kitu.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu wa darasa la saba. Asubuhi za Juni Dodoma ni baridi, bila kuvuta choki injini haishiki. Nikamweka kwenye usukani, mimi nikainamia boneti. Akapiga stata mara mbili tatu, kisha akapiga yowe: "Anko, choki inachoma!"

Nikagusa. Ya moto kweli! Sasa, waya wa choki si wa umeme, ni chuma tu cha kuvutia kabureta. Nikakaa chini kufikiri. Umeme ukitoka betri ukaingia stata, lazima urudi betri. Injini imekalia mipira, kwa hiyo kurudi kwake kunategemea msuko wa waya za shaba unaoifunga kwenye chesisi, ile athi. Njia hiyo ikiziba, mamia ya ampia za stata hujipenyeza popote panapogusana chuma kwa chuma, hata kwenye kamba nyembamba ya choki.

Nikaazima mita. Betri imetulia: volti 12.6. Mpwa anapiga stata: 11.5 kwenye vichwa vya betri, kwa hiyo betri ni nzima. Nikaweka ncha moja kwenye kichwa cha chanya na nyingine kwenye bolti kubwa ya stata, akapiga tena: 0.2. Upande huo safi. Kisha hasi ya betri na bodi ya stata: 3.4! Hapo isizidi nusu volti. Na kipimo hiki lazima stata iwe inavuta. Gari likiwa limezimwa mita itakuonyesha sifuri na utaambiwa athi haina tatizo, kama nilivyoambiwa mimi.

Nikaingia chini ya gari. Msuko upo, mzima, umekazwa vizuri, juu ya rangi. Rangi yangu mwenyewe, niliyoipaka chesisi mwezi wa tatu kuzuia kutu.

Msasa mpaka chuma king'ae, bolti nikaikaza tena, grisi kidogo kwa juu. Kipimo kikashuka hadi 0.2, stata ikanguruma.

Betri ya zamani niliichaji, ikalala usiku kucha, asubuhi ikasoma 12.6. Mpwa ameshaiomba kwa ajili ya redio.