Kadi za karatasi na ngeli ya "ugonjwa"

Shuleni kwetu Likoni mwanafunzi haruhusiwi kubeba simu, na kwenye maabara ya kompyuta nusu ya mashine haziwaki. Kwa hivyo tuliposhauriwa tutumie intaneti kuwapa wanafunzi mrejesho papo hapo, nilicheka. Kisha mwalimu mwenzangu akanionyesha Plickers, programu ya simu inayosoma majibu ya wanafunzi kutoka kwenye kadi. Simu inayohitajika ni moja tu, ya mwalimu.

Kila mwanafunzi hupewa kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi wa peke yake, wenye pande nne: A, B, C na D. Jibu lake analielekeza juu, mimi napitisha kamera ya simu darasani, na kwenye kioo majina yanajitokeza: kijani aliyepata, nyekundu aliyekosa. Herufi zenyewe ni ndogo mno, jirani haambulii cha kuiba.

Mara ya kwanza nilijiharibia mwenyewe. Kwa kuogopa jasho la mikono na joto letu hili la pwani, nilizipeleka kadi zote saiba zikatiwa plastiki. Jua la saa nne likaingia dirishani, kadi zikametameta kama vioo, simu ikasoma wanafunzi saba kati ya hamsini na wawili. Nikachapisha upya kwenye karatasi ngumu isiyong'aa. Hela zangu hizo, si za shule.

Halafu ikaja ngeli, yale makundi ya nomino tunayoyaita kwa viambishi vya umoja na wingi. Wiki nzima nilikuwa nikiuliza "Tumeelewana?" na darasa likiitikia "Ndiyo mwalimuuu!" Nikaandika ubaoni: "ugonjwa" ni ngeli gani? Simu ikajaa nyekundu. Zaidi ya nusu walichagua U-ZI. Nikamgeukia msichana wa dawati la nyuma, ambaye hanyooshi mkono hata umlipe.

"Si inaanza na u, mwalimu, kama ukuta?"

"Haya, wingi wake?"

"Magonjwa."

"Yamefanya nini?"

"Yameenea..." Akanyamaza, kisha akaigeuza kadi yake taratibu hadi U-YA.

Mdomoni watoto hawa hawakosei, Kiswahili wamekinyonya kwa mama zao. Walichokuwa wakikariri ni herufi ya kwanza tu, na mimi nilikuwa sijui.

Insha bado nasahihisha kwa kalamu nyekundu, maana kadi haisomi aya. Ila dakika tano za mwanzo wa kipindi ni za kadi, na lile swali la "Tumeelewana?" nimeshaliacha.