Pinotage, zabibu iliyozaliwa Stellenbosch

Mimi kazi yangu ni kuhudumu mezani, hotelini huku Arusha, mwaka wa saba sasa, na kama kuna chupa napenda kuifungua mbele ya mgeni basi ni Pinotage. Wiki iliyopita mgeni mmoja kaisukuma glasi hata hajaonja, anasema waini hiyo inanuka rangi ya ukutani, nimletee ya Ufaransa. Nikamletea, ni haki yake, hela ni yake. Ila iliniuma aisee, mpaka leo naifikiria, ndo maana nimekaa kuandika.

Iko hivi, zabibu za waini tunazozisikia kila siku, Cabernet, Merlot, Shiraz, asili yake Ulaya, huku zililetwa na meli zikapandwa. Hii yenyewe imezaliwa Afrika. Mwaka 1925 pale Stellenbosch, Afrika Kusini, Profesa Abraham Perold alichukua chavua akazichanganya zabibu mbili, Pinot Noir, ambayo ladha yake wanaisifia dunia nzima lakini kuilima ni mateso, inadeka kweli, na Cinsaut, ambayo watu wa Cape, ndo eneo lenye Stellenbosch, walikuwa wanaiita Hermitage, hii inavumilia joto na inazaa sana. Akapata mbegu nne. Nne tu! Akazipanda kwenye bustani ya nyumba yake ya chuo, shamba la Welgevallen, halafu 1927 akaacha chuo akaenda kufanya kazi KWV, ushirika wa wakulima wa zabibu za waini, kule mji wa Paarl, na miche akaiacha palepale.

Sasa nyumba imebaki tupu, bustani imeota majani, chuo kikatuma watu wakasafishe. Inasimuliwa kwamba mhadhiri kijana anaitwa Charlie Niehaus alikuwa anapita na baiskeli, akawaona watu wako kazini, na yeye ndo alikuwa anajua kwamba humo kwenye magugu kuna miche ya Perold, akawahi kuinusuru. Hapo ndo huwa nanyamaza kidogo nikimsimulia mgeni, maana fikiria angepita njia nyingine siku ile. Miche ikapelekwa Elsenburg, chuo cha kilimo, Profesa Theron wa hapo akaja kuibebesha kwenye mashina yenye nguvu, na jina likatokana na wazazi wote wawili, Pino kutoka kwa mmoja, tage kutoka kwa mwingine. Waini ya kwanza ikatengenezwa 1941, na mwaka huohuo Perold akafariki. Chupa ya kwanza kuandikwa Pinotage kwenye lebo ilitoka 1961, jina la biashara Lanzerac, mavuno ya 1959, kwa hiyo Perold mwenyewe hakuwahi kuiona.

Kuhusu hiyo harufu ya rangi, mgeni wangu hakuitunga, mwaka 1976 wataalamu kutoka Uingereza walienda kule wakaiponda vibaya. Lakini kosa lilikuwa la mikono ya watu, zabibu yenyewe haina tatizo. Pinotage inawahi kuiva, ina sukari nyingi, inachacha kwa kasi, joto likipanda wakati inachacha na mtengenezaji hayupo makini ndo unapata ile harufu kali, au harufu ya ndizi mbivu. Pale Kanonkop, shamba la waini la Stellenbosch, wanaichachusha kwenye matangi ya saruji ya wazi, maganda yakipanda juu wanayasukuma chini kwa mikono usiku na mchana, na mwaka 1991 mtengenezaji wao Beyers Truter akaenda London na Pinotage akatangazwa mtengenezaji bora wa waini wa mwaka. Zabibu ileile iliyopondwa!

Na siwezi kuisifia nikawanyamazia waliokuwa wanaichuma. Mashamba ya Cape yalianzishwa kwa jasho la watumwa, wengi walitolewa Madagaska, Msumbiji na Asia, na hata utumwa ulipoisha wafanyakazi waliendelea kulipwa sehemu ya ujira kwa waini, walikuwa wanaita dop, mtu anapewa kikombe asubuhi, anapewa tena mchana, anapewa jioni, mpaka familia nzima zinakuwa walevi na deni haliishi. Sheria ilikataza lakini mashamba mengine yaliendelea nayo mpaka miaka ya 1990, na mpaka leo Western Cape ni kati ya sehemu zinazoongoza duniani kwa watoto kuzaliwa wameathirika na pombe aliyokunywa mama. Nikiishika chupa nayakumbuka yote mawili, na sioni kwa nini niseme moja nilifiche lingine.

Jana meza ya nne walikaa wawili, wakaniuliza waini gani nyekundu inaenda na mbuzi choma. Nikaitoa Pinotage, nilikuwa nimeipoza kidogo, nikawahadithia mbegu nne na baiskeli huku navuta kizibo. Wakaimaliza taratibu, na wakati wa kuondoka yule dada akaniomba chupa tupu aende nayo.